Wagonjwa Mia Tatu wa Kata ya Shukrani

Nchi ambayo Nesi Eliaichi Mbwambo alipelekwa kuhudumu kwa siku kumi na mbili sitaitaja jina, kwa sababu sheria yake ya mwaka juzi inasema kulitamka jina hilo bila kibali ni kulichakaza. Iko ng'ambo, unavuka maji mengi kabla hujaiona. Ni nchi yenye amani kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Amani yake ina wizara, ina jeshi, ina magari ya deraya kumi na manne, na ina mbwa. Atakayeona inafanana na mahali anapopajua namwomba radhi, lakini kosa litakuwa la macho yake.

Eliaichi alitoka Upareni, kwenye milima ya tangawizi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akishona watu katika chumba cha vidonda cha kituo cha afya. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene, asiyependa maneno mengi. Mishono yake ilijulikana tarafa nzima: midogo, ya karibu karibu, na kila mwisho wa mshono alizungusha uzi mara tatu badala ya mbili, mazoea aliyoyatoa chuoni na hakuyaacha tena. Watu aliowashona walikuwa wakionyeshana makovu sokoni kama wanaonyeshana kanga mpya.

Barua ya mwaliko ilipofika usharikani, Mchungaji Senkondo alimwita yeye kwanza.

"Mama Nesi, wametuandikia! Wizara nzima! Wanataka timu ya misheni, ya vidonda."

"Vidonda vya nini, Baba Mchungaji?"

Mchungaji akavaa miwani na kusoma kwa sauti. Wizara ya Mapokezi na Maandalizi ilikuwa inawahakikishia wageni wagonjwa mia tatu kamili, wenye majeraha mabichi, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi. Jumatatu yenyewe ilikuwa bado miezi miwili.

"Wamejuaje idadi? Na hayo majeraha mabichi wameyaonaje leo?"

Mchungaji alifikiri. Alikuwa mtu mwema, mrefu, aliyeamini kila kitu kilichopigwa mhuri. "Huenda ni watu wa mipango," akasema. "Sisi ndio hatuna mipango."

Timu ikawa ya watu sita. Walishonewa fulana za kijani, wakahudhuria semina ya siku tatu iliyowafundisha kula watakachopewa na kutokosoa utamaduni wa wenyeji, wakaombewa, wakapanda ndege.

Uwanjani walipotua, wananchi mia kadhaa walikuwa wamepangwa kwa urefu, kila mmoja na kibendera. Mbele yao alisimama Mheshimiwa Dokta Gwaride, Waziri wa Mapokezi na Maandalizi, mtu wa shahada sita za udaktari, zote za heshima.

"Wageni wapendwa!" alinguruma. "Nchi yetu haina maskini. Maskini ni mtu asiye na utaratibu. Sisi tunao wahitaji, na tunao kwa mafaili! Mmekuja kutoa, na sisi tumekuja kupewa, na hivyo ndivyo mataifa yanavyokumbatiana. Makofi!"

Lugha yao na yetu zilielewana vizuri, isipokuwa vineno vichache, na hilo lilikuwa mojawapo. Sisi neno makofi tunalo mara mbili, la furaha na la uso. Wao hawakuligawanya. Waziri akisema makofi, wananchi wanapiga, asiyepiga anapigwa, na wote wanahesabiwa kuwa wamesherehekea.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele alikuwa na kibendera mkono huu na fimbo ya kutembelea mkono ule. Alichelewa kuamua kipi akiangushe. Askari akamzaba la kushoto, akamrudishia la kulia, bibi akaanguka na damu ikamtoka mdomoni. Kibendera kiliokotwa kabla hakijachafuka, akapewa jirani yake.

Mchungaji Senkondo alifungua mdomo. Waziri akamwinamia sikioni. "Utamaduni," akanong'ona. Mchungaji akakumbuka semina, akaufunga.

Eliaichi hakukumbuka semina. Alitoka mstarini, akapiga magoti, akamshika bibi kidevu ili amtazame fizi. Askari wawili wakamwinua kwa makwapa, kwa adabu kabisa, wakamweka ndani ya gari.

"Matibabu ni Jumatatu, mama," mmoja alimweleza akifunga mlango. "Leo ni mapokezi."

*

Jumatatu saa mbili kamili walifungua hema la matibabu kwenye uwanja wa shule ya Kata ya Shukrani. Foleni ilikuwa imenyooka vizuri. Watu mia na wanne, na Eliaichi akaipitia kwa macho.

Katika miaka ishirini na miwili alikuwa hajawahi kuona foleni ya wagonjwa isiyokohoa. Hapakuwa na mtu mwenye homa. Hapakuwa na tumbo, jipu, wala jicho jekundu. Palikuwa na vichwa vilivyopasuka, midomo iliyochanika, na mikono iliyovunjika hapa katikati ya kiwiko na kifundo, pale panapovunjika mtu anapojikinga uso. Damu ilikuwa bado mbichi.

"Umefanya nini?" alimwuliza wa kwanza.

"Nimeanguka."

"Wapi?"

"Chini."

Wa pili naye alikuwa ameanguka. Wa tisa na wa arobaini pia. Mwanamume mmoja alikuwa na michubuko minne mgongoni, sawasawa, mipana ya rungu, na akasisitiza kwamba ameanguka mara nne. Eliaichi akashona. Akaweka ganzi mpaka vichupa vyote walivyobeba vikaisha, kisha akashona bila ganzi, na hakuna aliyelia. Hilo lilimtisha kuliko damu. Walikaa kimya, wakatoa kiungo, wakashukuru, wakapigwa picha na mpiga picha wa wizara, aliyekuwa akiomba bandeji ziwe kubwa kidogo ili zionekane kwa mbali.

Mchana alisikia zogo getini. Mzee mwembamba alikuwa anataka kuingia, amebana leso mdomoni, na kila akikohoa leso inaongeza wekundu. Askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki.

"Wewe unaumwa tangu mwaka juzi. Hukuandaliwa. Toka!"

"Kifua, mwanangu, naomba tu wanisikilize kifua..."

Askari akampiga tena, safari hii usoni, na nyusi ikafunguka. Akaisogelea nyusi akaitazama kwa makini, akafungua geti.

"Haya, sasa pita."

Eliaichi alishona nyusi. Kifua alikisikiliza pia, na alichokisikia mle kilihitaji miezi sita ya dawa ambazo hawakuwa nazo. Kwenye daftari la wizara mzee aliandikwa: nyusi moja, amepona.

*

Jumatano alikaa mbele yake fundi cherehani aitwaye Mwelua, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkono wa kushoto umeviringwa kitambaa kilicholoa. Eliaichi alipokifungua aliona jeraha kutoka begani hadi kiwikoni, limechanika upya, nyama zimetatuka pande zote mbili. Kwenye kingo vilikuwa vikining'inia vipande vya uzi mweusi. Alishika kimoja kwa koleo, akakileta kwenye mwanga. Mwishoni kilikuwa kimezungushwa mara tatu.

Mkono huu alikuwa ameushona mwenyewe juzi.

"Nani kaufungua?"

"Nimeanguka."

"Mwelua. Uzi huu ni wangu."

Mwelua akamtazama askari wa mlangoni. Askari alikuwa anapiga miayo.

"Ulishona vizuri mno, nesi," akasema polepole. "Walihangaika. Ilibidi mmoja anikanyage kifuani ndipo mwenzake akapata nguvu ya kuvuta."

Eliaichi aliweka koleo chini.

"Kata yetu ina watu mia mbili na kumi wenye mwili wa kustahimili," Mwelua akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya kitambaa. "Wizara imewaahidi nyinyi mia tatu. Kwa hiyo wengine tunarudia."

"Kila wakija wageni?"

"Walipokuja wa meno..." Akavuta shavu kwa kidole. Upande mzima wa kulia hapakuwa na kitu, ufizi ulikuwa umejifunga laini. "Walifurahi sana, wale. Walituachia miswaki."

"Na kabla yao?"

"Kabla yao walikuja wa macho. Hayo muulize mama yangu, haoni tena. Yuko nyumbani. Siku hizi hatoki."

Upepo ulipiga turubai. Mpiga picha alikuwa anamwomba mtu wa meza ya pili atabasamu kwa mdomo uliokuwa na nyuzi saba.

"Mwezi wa nane wanakuja wa miguu," Mwelua akasema. "Miguu ya bandia. Watu sitini wameshaandikwa. Wizara ilitaka vipimo mapema ili miguu itengenezwe ikae sawa, wakanipa mimi futi kamba, kwa kuwa ni fundi. Nikawapima wote, kutoka gotini kwenda chini." Akajigusa goti. "Mwisho nikajipima na mimi."

Eliaichi alichukua sindano. Safari hii alizungusha uzi mara moja tu, na kwa mara ya kwanza tangu chuoni akashona vibaya kwa makusudi, ili wakitaka kufungua tena wasilazimike kumkanyaga kifuani.

*

Mchungaji Senkondo alimkuta nyuma ya hema, amekaa juu ya sanduku la pamba. Eliaichi alimweleza yote kwa maneno machache. Mchungaji alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Tukiacha, Mama Nesi, hawa walioumia leo atawashona nani?"

"Na tukiendelea, wa kesho wataumizwa kwa ajili ya nani?"

Mchungaji akairudisha miwani usoni, akasema, "Twende kwa Waziri," na Eliaichi aliona kwamba bado anatumaini kuna mahali mhuri umepigwa kwa makosa.

Mheshimiwa Dokta Gwaride aliwapokea kwa juisi. Ukutani nyuma yake palikuwa na kalenda kubwa: meno, macho, vidonda, kila mwezi na rangi yake. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akasimama, maana hotuba hakuzoea kuitoa ameketi.

"Tatizo kuu la dunia, wapendwa, ni kwamba watoaji ni wengi na wapokeaji hawaaminiki! Timu moja ya watu wema ilikuja hapa zamani, kabla ya wizara hii kuundwa. Ikakuta wananchi wazima. Wazima! Wakakaa siku nane kwenye hema wakicheza karata. Waliondoka wanalia. Niambieni, hiyo ni haki? Mtu ametoka kwao, ameaga mke, amebeba pamba, halafu anakosa wa kumfunga? Nikaapa: haitatokea tena."

"Acheni kuwapiga watu," Eliaichi akasema.

Waziri alionekana kuumia kweli kweli.

"Mama, katika nchi hii hajapigwa mtu tangu uhuru. Kitenzi chenyewe tulikifuta bungeni, kwa kauli moja. Wanaandaliwa. Na hatufichi. Bado sabini kutimiza lengo. Wanaandaliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi, uani nyuma ya shule, na ni wazi kwa umma. Karibuni. Kuna chai. Kisha siku zilizobaki mtakwenda kuona maporomoko ya maji."

"Na hii ya mwezi wa nane?"

Uso wa Waziri ukang'aa. Akachomoa barua kwenye faili, akaiinua ili wote waione. "Chama cha Hatua Mpya! Miguu sitini, ya daraja la kwanza, inakunja kifundo. Nchi jirani zimekosa, tumepata sisi. Unajua kwa nini? Vipimo! Tulipeleka vipimo kamili."

Eliaichi alisoma anwani kwenye barua, akairudia. Chama kilikuwa cha nchini kwake mwenyewe, katika mji ulio mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka Same, chini ya milima ya Upareni.

*

Alhamisi saa kumi na mbili jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda. Ua ulikuwa na ukuta, mabenchi, bomba la maji na karani mwenye daftari. Watu sabini walikuwa kwenye foleni, watulivu. Askari wanane walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Sajini mnene mwenye sharubu alikuwa anaita namba, na aliyeitwa alikwenda katikati, akasimama, akaulizwa, "Kichwa au mkono?" Waliosema mkono walipigwa mkono. Waliosita walipigwa vyote. Rungu lilipoangukia mfupa ulisikika mlio mkavu, wa kuni, karani akaandika, na aliyeandaliwa akavutwa pembeni kuoshwa bombani ili asichafue hema.

Eliaichi alitazama watatu. Kwa wa nne miguu yake ilikwenda yenyewe. Alipita mbele ya karani, akaingia kwenye foleni, akasimama mbele ya Mwelua, aliyekuwa anarudia mara ya tatu.

"Mama mgeni," sajini akasema kwa upole, "chai iko upande ule."

"Niandae mimi."

"Huna namba."

"Nipe ya huyu."

Sajini akajikuna sharubu. "Mgeni haandaliwi, mama. Mgeni anatibu. Nikikuandaa wewe, nani atakutibu?" Alilitazama swali lake mwenyewe akaona halina jibu, akamgeukia karani. Karani akafunua kitabu cha mwongozo. Hakikuwa na ukurasa huo.

Ndipo Mchungaji Senkondo akaingia, na fulana yake ya kijani, akasimama nyuma ya Eliaichi. Wengine wanne wa timu wakamfuata. Mchungaji alikuwa mweupe midomo kwa hofu.

"Sita," sajini akasema. "Sasa sita." Akaenda ofisini kupiga simu wizarani.

Kwa muda ule marungu yalining'inia. Watu wa Kata ya Shukrani walikuwa hawajawahi kuona askari wakisubiri kuambiwa wafanye nini. Muuza mkaa mmoja, jina lake Dagaro, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alilitazama geti. Lilikuwa wazi. Akatoka mstarini, akaanza kutembea kuliendea, bila haraka, kama mtu aliyekumbuka kaacha chungu jikoni. Mwingine akamfuata. Kisha kumi.

Askari kijana akapiga kelele. Dagaro hakugeuka. Askari akampiga risasi ya mgongo.

Yaliyofuata yalikuwa ya dakika chache tu. Askari waliingia kwenye foleni na marungu, na hawakuuliza tena kichwa au mkono. Rungu lilimpata Eliaichi juu ya sikio, akaona weupe. Alipoinua mkono wa kulia la pili likamvunja vidole viwili. Mchungaji Senkondo alimkinga kwa mwili wake mwanamke mmoja aliyeanguka, na wakampiga mgongoni mpaka rungu likakatika. Lakini safari hii na wananchi walipiga. Kitenzi kilichofutwa bungeni kilirudi kwa mikono yote. Walinyakua benchi wakalibeba watu sita, wakamkuta sajini anatoka ofisini na simu bado sikioni, wakampiga nalo taya. Alipoanguka waliendelea. Mtu aliyevunjwa mkono Jumanne alikuwa anampiga kwa ule mkono uliofungwa banzi, akilia kwa maumivu kila pigo, na haachi. Karani alipigwa kwa daftari lake. Askari watano wakaruka ukuta. Wale wengine watatu hawakuwahi.

Kulipotulia, ardhi ilikuwa na meno juu yake.

Eliaichi alitambaa mpaka kwa Dagaro. Alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja umevuka kizingiti cha geti. Alimgusa shingo. Hapakuwa na kitu. Akageuka, akasikia mkoromo: sajini alikuwa chali, anazama katika damu yake mwenyewe. Watu walimzunguka na kutazama.

"Mwache afe," mmoja akasema.

Eliaichi alimtazama, na ni kweli kwamba kwa kitambo alitaka kumwacha. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kuficha. Kisha akamshika bega kwa mkono mzima, akamgeuza ubavu, akamtoa damu na kipande cha jino kooni kwa kidole. Sajini akavuta pumzi.

"Nimeanguka," akasema sajini.

Hakuna aliyecheka. Damu ya Eliaichi ilikuwa inamwingia machoni. Mwelua akaja akapiga magoti mbele yake na sanduku la vifaa, akampapasa kichwani.

"Umepasuka hadi weupe wa mfupa, nesi. Vidole vyako havitaweza."

"Shona wewe."

"Mimi nashona nguo."

"Ngozi ni rahisi kuliko hariri. Osha mikono. Anza katikati, usianze pembeni."

Mwelua alishona kwa mkono wa kulia, wa kushoto aliweza kuutumia kwa kushikia tu. Ganzi ilikuwa imeisha tangu Jumatatu. Eliaichi aliuma kola ya fulana yake, na safari hiyo alilia kwa sauti, na Mwelua akamwambia, "Lia, lia mama, hapa leo hakuna anayeandika."

Waziri alifika saa tatu na magari matatu na wapiga picha. Alisimama getini, akahesabu waliolala, na uso wake ukaenda ukifunguka. Sabini na tisa! Pamoja na askari, lengo lilikuwa limevukwa. Alipofika kwa Dagaro akakunja uso, akamwamuru karani, ambaye alikuwa anaandika kwa jicho moja, amfute. "Maiti haponi," alieleza. "Andika hakuhudhuria."

Kisha akauliza timu ya matibabu iko wapi, akaonyeshwa. Mchungaji Senkondo alikuwa amekaa ukutani hawezi kunyoosha mgongo. Muuguzi mkuu alikuwa na kichwa kilichoshonwa na fundi cherehani, kwa uzi wa kushonea wagonjwa. Waziri akaomba kitabu cha mwongozo, akakipekua mpaka jalada la nyuma.

Saa nane mchana wote sita walifukuzwa nchini kwa kosa la kujiandaa bila kibali.

*

Nyumbani walipokewa kwa vifijo na kwaya mbili. Wazee wa usharika walitaka ripoti yenye picha. Mchungaji Senkondo alipanda madhabahuni amejishikilia kwenye ukingo, akaeleza yote, hata jinsi alivyofunga mdomo siku ile ya uwanja wa ndege, na akashindwa kumaliza. Eliaichi hakuwepo. Alikuwa ndani ya basi, mkono umefungwa hogo la plasta.

Katibu wa Chama cha Hatua Mpya alikuwa mtu mpole aitwaye Elinami Kisamo, aliyepoteza mguu mwenyewe utotoni kwa kuumwa na nyoka. Alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma. Miguu sitini ilikuwa imesimama kando ya ukuta, kila mmoja umevalishwa kiatu kipya.

"Miaka miwili tumeifanyia kazi," akasema kwa fahari. "Na vipimo vyao, dada yangu, sijapata kuona vipimo safi hivi."

"Hao watu walikatwa lini?"

"Barua haikusema."

"Bado hawajakatwa."

Kisamo alitabasamu, akidhani hajasikia vizuri. Alipoelewa alichoambiwa alikasirika, akamwambia aone aibu kusingizia serikali ya watu wanaoteseka. Eliaichi hakubishana. "Waombe picha," akasema. "Ya wote sitini, wamesimama. Waambie ni ya kalenda."

Ilikuja baada ya siku tisa, kubwa, ya rangi, katika fremu, maana wizara ile haikuwahi kukataa kupiga picha. Watu sitini walikuwa wamesimama mistari mitatu, kila mmoja kwa miguu yake miwili. Suruali za mguu wa kulia zilikunjwa, sketi zimepandishwa, na chini kidogo ya goti kila mmoja alikuwa amechorwa mstari wa chaki. Maandishi ya chini yalisema: Wanufaika wakiwa tayari.

Kisamo aliitazama sana. Kisha akaketi sakafuni katikati ya viatu vipya, akajishika goti la mguu alionao, na Eliaichi akakaa karibu naye.

Safari ilifutwa. Miguu ilikwenda hospitali tatu za nyumbani, kwa watu wa ajali za pikipiki, na ikabidi ikatwe na kurefushwa kidogo, kwa kuwa ilitengenezwa kwa vipimo vya wengine.

Wizara ya Mapokezi na Maandalizi ilitangaza msiba wa taifa. Taarifa yake, iliyosomwa na Mheshimiwa Dokta Gwaride mwenyewe huku akijifuta macho, ilisema kwa masikitiko makubwa kwamba wananchi sitini wa Kata ya Shukrani wametelekezwa na dunia, kila mmoja na miguu yake miwili, bila msaada wowote. Bendera zilishushwa nusu mlingoti siku tatu. Na ili taifa liwaone na kuwalilia, wale sitini waliamriwa waende kwenye maombolezo kwa miguu, kutoka katani hadi uwanja mkuu, kilomita kumi na moja.

Walitembea wote.